Fundi, usiache sare za shule kabla hujahesabu saa zako

Swali: Habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani, ofisi yangu ipo Morogoro mjini, nina vijana wawili wanaonisaidia kushona. Nafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa tatu usiku, Jumapili tu ndiyo napumzika. Wateja ninao, tena wengi, ila nguo zinachelewa, kila siku ni kuomba radhi, na nikishalipa pango, umeme na vijana sioni kinachobaki. Kwenye semina moja ya wajasiriamali tuliambiwa tuachane na kazi ndogondogo, tukazane na zenye thamani kubwa. Basi nimepanga niache sare za shule na marekebisho, nibaki na magauni ya harusi na sendofu, maana hayo ndiyo yenye hela. Pia nafikiria kuchukua mkopo ninunue cherehani nyingine na ovaloki mpya. Naomba ushauri kabla sijaanza.

Jibu:

Dada yangu, kwanza ahsante kwa kunitumia bei na muda wa kila kazi nilipokuomba. Wengi huishia kuniambia "biashara ngumu", nami nabaki kubahatisha. Wewe umenipa namba, na namba zako zinakupinga. Kazi unayotaka kuiacha ndiyo inayokulisha, na ile unayotaka kuing'ang'ania ndiyo inayomaliza siku zako.

Wa semina hawakukosea kusema ukazane na kazi zenye thamani. Ila inaonekana hawakusema thamani hupimwa kwa nini, nawe ukaipima kwa bei. Gauni la sendofu unalipwa 90,000, pea ya sare 14,000, kukata pindo la suruali 2,000. Ukizipanga hivyo, mtu yeyote atasema shona magauni. Lakini bei ni ya nguo, na wewe huishiwi nguo. Unachoishiwa ni saa. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: nikitumia saa yangu moja kwenye kazi hii, inaniachia shilingi ngapi baada ya vifaa na malipo ya kijana?

Tuanze na gauni la sendofu. Kwenye ile 90,000 unatoa bitana, zipu, shanga, uzi na nauli ya kuvifuata, kama 22,000. Inabaki 68,000. Muda ulioniandikia ni saa kumi na nne za kwako mwenyewe, na sishangai. Mteja anakuja na picha tatu kwenye simu, anataka mikono ya picha ya kwanza, shingo ya ya pili na mkia wa ya tatu, na kitambaa alicholeta hakitoshi hata moja kati ya hizo. Mnakaa saa nzima mnaelewana. Anarudi kujaribu, kiuno kimebana, unafumua. Anarudi tena na dada yake, dada naye ana maoni. Yote hayo unayafanya wewe, maana vijana huwaachii gauni la bibi harusi, na uko sahihi kutowaachia. Gawanya 68,000 kwa saa kumi na nne, unapata kama 4,900 kwa saa.

Gauni la kawaida la kitenge ni 25,000, vifaa 4,000, saa zako tatu. Hapo ni 7,000 kwa saa. Tayari limelipita la sendofu.

Sasa sare unazozidharau. Mzazi analeta kitambaa, pea unashona kwa 14,000. Toa 2,000 ya uzi, zipu na vifungo, toa 3,000 unayomlipa kijana kwa kushona, inabaki 9,000. Wewe hushoni, unakata na kukagua tu. Umeniambia kwamba pea kumi zikija pamoja, unatandika vitambaa tabaka juu ya tabaka, unakata kwa saa tatu, na ukaguzi pamoja na kurekebisha walipoharibu ni saa mbili nyingine. Saa tano, 90,000. Ni 18,000 kwa kila saa yako.

Iweke namna nyingine. Zile saa kumi na nne za gauni moja zinatosha pea 28 za sare. Gauni linakuachia 68,000. Sare zinakuachia 252,000.

Najua utasema sare hazina jina. Nitafika huko. Kwanza nikueleze kwa nini hesabu inatoka hivi, ili kesho ukipata kazi ya aina nyingine usihitaji kuniuliza.

Ukikaa na watu wa semina utasikia habari za asilimia 80 na 20, kwamba sehemu ndogo ya kazi huleta sehemu kubwa ya faida. Sheria hiyo inaitwa kwa jina la Vilfredo Pareto, mwanauchumi wa Italia wa karne ya 19 aliyechunguza jinsi kipato kinavyojazana kwa wachache. Aliyeipeleka viwandani ni Joseph Juran, mtaalamu wa ubora wa bidhaa wa Marekani aliyezaliwa Romania, akisema kasoro nyingi za kiwanda hutokana na sababu chache. Mwaka 1975 Juran aliandika kwamba, kwa kuipa sheria hiyo jina la Pareto, alikuwa amembebesha mzigo usio wake. Hata hivyo jina limebaki, na semina zinaendelea. Mimi sina ugomvi na sheria hiyo, ila haikuambii hiyo 20 yako ni ipi. Inakuachia ubahatishe, na fundi akibahatisha huchagua nguo anayoona fahari kuitundika dirishani.

Aliyenisaidia zaidi mimi katika kazi hii ni Eliyahu Goldratt, Mwisraeli aliyesomea fizikia kisha akajikita kwenye mambo ya viwanda miaka ya 1980. Wazo lake ni jepesi. Katika kila kazi inayopita mikono mingi kuna sehemu moja nyembamba, kama shingo ya chupa, na kinachotoka chote hutegemea shingo hiyo. Saa ikipotea hapo, imepotea kwa ofisi nzima. Saa ukiiokoa kwingine hujaokoa kitu, kazi itakwenda kusubiri palepale.

Ofisini kwako shingo hiyo ni mkasi wako. Vijana wako wanashona vizuri, lakini hawakati. Kila nguo inayoingia, ya 2,000 au ya 90,000, lazima ipite kwenye meza yako. Wewe mwenyewe umeandika kwamba kuna siku vijana wanakaa wanachezea simu mchana huku nguo zimejaa kwenye mifuko. Ulidhani ni uvivu. Walikuwa wanasubiri ukate.

Sasa angalia saa zako za mkasi zinavyoliwa. Unafungua saa mbili, unafunga saa tatu, ni saa kumi na tatu kwa siku. Lakini toa kupokea wateja, simu za "fundi, yangu tayari?", kukimbilia dukani kufuata uzi wa rangi, umeme ukikatika, mgeni aliyepita kukusalimia. Sidhani kama unafikisha saa nne za kukata bila kukatizwa. Na kukata kunataka akili itulie kuliko kushona. Umetandika kitenge, futi kamba shingoni, umeshachora chaki kipande cha mgongo, mkasi umeingia nusu. Mteja anaingia kuulizia blauzi yake. Unaweka mkasi, unapekua mifuko, unamtuliza, anaondoka. Ukirudi mezani unakata mkono wa pili bila kuugeuza, una mikono miwili ya upande mmoja. Au umelaza kitambaa juu chini, na ndege wote wa kitenge wanatazama ardhini. Hapo unalipa kitambaa cha watu, na gauni la 25,000 limekula faida ya wiki.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokutaka ulifanye halihusu kuacha kazi yoyote. Tenga saa za mkasi. Ningechagua saa mbili hadi saa tano asubuhi, kabla jua na wateja havijachanganya. Muda huo kijana mmoja ndiye anayepokea wageni mbele, na daftari liko kwake: jina, nguo, tarehe ya kuchukua, kianzio. Simu yako iwe kwake pia. Wateja watanung'unika wiki ya kwanza. Waambie fundi yuko mezani, atatoka saa tano. Daktari akiwa chumba cha upasuaji hakuna anayemgongea mlango aulizie majibu ya mtoto wake, na wewe mkasi ukiwa mkononi hali ni hiyohiyo. Ukipata saa tatu safi kila asubuhi utashangaa jinsi madeni ya nguo yatakavyopungua, hata kabla hujabadilisha kitu kingine.

Marekebisho usiyaache, yahamishe. Kukata pindo ni robo saa, 2,000, vifaa karibu hakuna. Kwa hesabu ya haraka ni 8,000 kwa saa, siyo mbaya. Ubaya wake ni kwamba kila moja linakutoa mezani, na kurudi mezani nako kuna gharama yake, kama ile mikono miwili. Mpe kijana mwenye mkono mwepesi awe ndiye fundi wa marekebisho, mgawane ujira, nawe usiguse kabisa. Weka na siku: yakiletwa leo yanachukuliwa kesho jioni. Yule wa "nisubirie hapahapa" alipie zaidi. Mteja aliyeletewa suruali yake vizuri mara mbili ndiye atakayekuletea kitenge mara ya tatu, na hiyo ni sababu nyingine ya kutomfukuza.

Tuje kwenye magauni ya sendofu na jina. Ni kweli kwamba gauni moja likipendeza ukumbini linaleta wateja, na ni kweli unayapenda. Sikuambii uache. Nakuambia unayauza kwa hasara ya muda. Pandisha bei hadi 150,000. Baada ya vifaa itabaki 128,000, kwa saa kumi na nne ni kama 9,100 kwa saa. Bado haijafikia sare lakini imelipita gauni la kitenge. Baadhi ya wateja watakwenda kwa fundi mwingine. Waache waende, ndiyo kazi ya bei hiyo. Watakaobaki, punguza saa zao: kujaribu mara moja imo kwenye bei, mara ya pili inalipiwa, na anayeleta picha achague moja. Halafu usipokee zaidi ya mawili kwa mwezi, hata wakubembeleze. Bibi harusi wa mwezi wa kumi na mbili anakuja mwezi wa tisa, na anayekuja wiki mbili kabla mwambie ukweli kwamba nafasi imejaa. Kumkubalia kwa huruma kisha kumtoa machozi siku ya sendofu ndiko kunakoharibu jina.

Nawe utaniuliza, sare za shule si za Januari tu? Ndiyo, na hapo ndipo watu wengi wanaposhindwa kuzitumia. Wanasubiri wazazi wamiminike wiki ya kwanza ya Januari wote pamoja, wanakesha, wanachelewesha, wanagombana. Lakini shule za msingi za serikali watoto wote wanavaa shati jeupe na sketi au kaptula ya bluu. Hakuna haja ya kumsubiri mzazi aje na kitambaa. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kazi zikipoa, unaweza kukata na kushona saizi za darasa la kwanza, maana hao kila mwaka ni wapya na lazima wavae. Hapo hesabu inabadilika kidogo kwa sababu kitambaa unanunua wewe na pesa inalala hadi Januari, kwa hiyo anza na pea chache unazoweza kuzibeba bila mkopo, uone zinavyotoka. Shule binafsi ni habari nyingine, kila moja ina rangi yake na wengi wana fundi wao. Nenda mwenyewe mapema, kabla ya Novemba, na pea moja iliyoshonwa vizuri mkononi. Mwalimu mkuu atapindua shati aangalie ndani, kama ovaloki imepita sawasawa na vifungo havining'inii. Hapo ndipo anapoamua.

Miezi mingine tafuta kazi zinazofanana na sare hata kama haziitwi hivyo. Hapa kwetu zipo nyingi kuliko tunavyodhani. Siku ya Wanawake tarehe 8 Machi, ofisi na vikundi vinavaa kitenge kimoja. Kwaya zinataka sare mpya za Pasaka na Krismasi. Kikoba kikitimiza mwaka kinashona. Kamati ya harusi ina sare, familia ya bwana harusi ina sare, shangazi wote wana sare. Oda ya nguo ishirini za mshono mmoja ni mazungumzo ya mara moja, na mtu mmoja anayekusanya pesa kwa niaba ya wengine, hivyo unadai kianzio kikubwa bila aibu. Vipimo vinatofautiana, ni kweli, kukata si kwepesi kama kaptula za watoto, lakini ukishakata nguo tatu mkono unajua njia. Kwa maoni yangu hapa ndipo pesa yako ya mwaka mzima ilipo, kuliko hata kwenye shule. Mwenyekiti wa kikundi mmoja anayekuamini ana faida kuliko mabibi harusi watano.

Kuhusu kianzio, nusu ya bei siku ya kupima, hakuna msamaha. Angalia ukutani kwako sasa hivi ni nguo ngapi zimekamilika na wenyewe hawajaja. Kila moja ni saa zako umewakopesha watu bila kuwauliza watalipa lini. Mtu aliyeacha nusu ya pesa hurudi.

Sasa mkopo. Ukinunua cherehani nyingine leo utakuwa na cherehani nyingine inayosubiri mkasi wako. Ovaloki mpya vilevile, kama ya zamani bado inapiga na foleni haipo hapo. Usikope kwa ajili ya mashine ambayo kazi haijawahi kuisubiri. Ukitaka kupanua shingo ya chupa, panua kukata. Chukua kadibodi ngumu, tengeneza paterni za sketi, kaptula na shati kwa kila saizi, andika saizi kwa wino mkubwa, toboa tundu, tundika kwenye msumari. Kijana mwenye akili tulivu mfundishe kuchora kwa kufuata paterni, wewe ukague chaki kabla mkasi haujaingia. Akizoea, mwachie kukata sare kabisa. Kila saa atakayokata yeye ni saa uliyojiongezea wewe, na gharama yake ni kadibodi na uvumilivu wa miezi miwili. Najua hofu ya mafundi wengi, kwamba ukimfundisha kukata ataondoka afungue yake. Huenda. Mlipe kwa kila pea aliyokata, juu ya ujira wa kushona, kisha ufundishe na wa pili.

Ukifanya hivyo, shingo itahama. Januari ikifika kukata kutakuwa mbele na kushona nyuma, vipande vitajaa mezani. Hapo sasa utaona kwa macho kwamba cherehani inahitajika, na bado ningeanza kwa kumleta fundi wa kulipwa kwa pea kwa wiki tatu kabla ya kununua. Ikiwa kila msimu mnabanwa palepale, kopa. Hesabu uliyonitumia leo utaifanya upya kila mara shingo inapohama, kwa sababu kazi iliyokuwa ya kwanza inaweza kuwa ya tatu.

Magauni ya sendofu uliyokwisha kupokea kianzio yamalize kwa bei ya zamani, usimgeuke mtu. Bei mpya ianze kwa anayekuja Jumatatu. Na ukipata oda ya sare inayozidi pea mia, niandikie tena tuzungumzie mashine ya umeme ya kukatia vitambaa. Hiyo ndiyo mashine pekee ambayo kwa hali yako ningekubali uisogelee kwa mkopo. Ukija, njoo na bei za maduka mawili tofauti.